Mjadala: Baada ya Mafuriko ya Valencia, Tuongeze Kuta au Tuyaachie Maji Nafasi Yake?

Mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024 katika mkoa wa Valencia, Hispania, yamethibitisha kuwa miji ya Ulaya inahitaji mifereji mikubwa na kuta imara, na si zaidi ya hapo, kwa sababu katikati ya jiji la Valencia, palipokingwa na mfereji wa namna hiyo, palibaki pakavu. Ushahidi wake ni wa kweli. Hitimisho lake silikubali, na naomba nieleze kwa nini.

Tarehe 14 Oktoba 1957 mto Turia, uliokuwa ukipita katikati ya jiji la Valencia, ulifurika na kuua watu wasiopungua 81. Wakuu wa wakati ule waliamua kuuhamisha mto wenyewe: ukachimbwa mkondo mpya kusini mwa jiji, wenye uwezo wa kupitisha mita za ujazo 5,000 kwa sekunde, kazi iliyokamilika mwaka 1973, na mkondo wa zamani ukageuzwa kuwa bustani ndefu inayopita katikati ya jiji. Mwaka 2024 mkondo mpya ulitimiza kazi yake barabara. Lakini ng'ambo yake ya kusini wanaishi watu wa Paiporta, Catarroja, Alfafar, Massanassa na mtaa wa La Torre, na maji yaliyowafikia hayakutoka Turia hata kidogo. Yalitoka Rambla del Poyo, korongo ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa kavu.

Hapa ndipo ningependa tutulie. Mvua kubwa ilinyesha upande wa juu wa korongo, kuelekea Chiva na Turís, ambako kituo cha Turís kilipima zaidi ya milimita 770 kwa siku moja, ilhali Paiporta kwenyewe karibu hapakunyesha. Jioni ile korongo lilipitisha zaidi ya mita za ujazo 2,000 kwa sekunde, katikati ya mji ambao watu wake hawakuwa na sababu ya kutazama mawingu. Mamlaka ya hali ya hewa ilikuwa imetoa tahadhari nyekundu tangu asubuhi, lakini ujumbe wa dharura wa kwenye simu ulitumwa saa 2:11 usiku, wakati mitaa mingi ilikuwa imekwisha kuzama. Kuna waliokuwa wameteremka kwenye maegesho ya chini ya ardhi kuliokoa gari, bila kufikiri kwamba njia anayoteremkia mwenye gari ndiyo maji nayo yanayoteremkia, na kwamba mlango uliokwisha kuelemewa na maji hausukumiki kwa nguvu za mtu mmoja. Katika mkoa ule walikufa watu zaidi ya 220.

Sisemi kwamba mkondo mpya wa Turia ndio uliowaua. Nasema kwamba kinga ya aina hiyo huchora mstari, na aliyeko ndani ya mstari huanza kuishi kana kwamba hatari imekwisha duniani, ilhali aliyeko nje hujengewa nyumba na kupewa kibali kama kawaida. Aidha, kila ukuta hujengwa kwa hesabu ya mafuriko yanayotarajiwa, na hesabu hiyo inasogea: hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na Bahari ya Mediterania, inayolisha mvua hizi za vuli, imezidi kupata joto. Maji hufuata mkondo, na mkondo wa Poyo ulikuwapo kabla ya nyumba.

Waholanzi, ambao hakuna awezaye kuwaita wageni wa kuta, walilitafakari jambo hili baada ya watu wapatao 250,000 kuhamishwa mwezi Januari 1995 kwa hofu ya matuta yanayozuia mito kubomoka. Mjini Nijmegen, ili maji yapate nafasi, walilirudisha tuta nyuma mita 350, wakachimba mkondo wa pili pembeni mwa mto Waal, na nyumba zipatazo 50 zikabomolewa. Lilikuwa jambo chungu, kwa kuwa nyumba ya mtu si matofali tu, lakini lilifanywa mchana, kwa mazungumzo, kabla ya msiba.

Najua pingamizi litakalofuata, nalo lina uzito: watakaoambiwa wahame ni watu wa kipato cha kawaida, ambao hawamudu kodi za katikati ya jiji. Ndiyo maana msimamo wangu si wa kuwafukuza. Nataka nyumba za kingoni kabisa mwa korongo zinunuliwe na serikali kwa bei ya kabla ya mafuriko, mwenye nyumba apewe makazi katika mji uleule, na kwingineko asilazwe mtu tena ghorofa ya chini wala kisitolewe kibali kipya cha maegesho ya chini ya ardhi. Fedha si hoja isiyo na jibu. Hispania ina mfuko wa umma wa fidia za majanga, unaochangiwa na kila mwenye bima nchini, kwa hiyo taifa zima hulipia nyumba hizo kila zinapozama. Kulipa mara moja ili mtu ahame hakuwezi kuwa ubadhirifu kuliko kumlipa tena na tena arudi palepale.

Siku chache baada ya maafa, maelfu ya watu wa jijini walivuka kwa miguu daraja jembamba lililo juu ya mkondo mpya, wakiwa na machepe, mifagio na ndoo, wakitoka upande wenye viatu safi kwenda upande wenye tope la magotini. Anayetetea ukuta mwingine kwa ajili ya Paiporta namwomba atueleze utaishia wapi, na ni akina nani wanaoishi mbele kidogo ya pale utakapoishia.