Natafuta mimba. Vidonge, sindano au kupandikiza: nianzie wapi?

Subira33: Habari za leo wapendwa. Nina miaka 33, ndoa mwaka wa nne, na mimba bado sijapata. Hedhi inakuja inavyotaka, mara siku 40, mara miezi miwili. Ultrasaundi imeonyesha vifuko vingi vidogo kwenye ovari. Daktari kaniandikia vidonge vya letrozoli vya kupevusha yai, wifi anasema yeye alipata mimba kwa vidonge vingine, klomifeni, mume anataka tukope tukapandikize moja kwa moja, yaani yai lirutubishwe maabara kisha lirudishwe kizazini. Naombeni ushauri.

NesiPwani: Pole mdogo wangu. Kama shida ni yai kutopevuka, daktari wako yuko sahihi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 ulifuatilia wanawake 750 wenye ovari kama zako: waliopewa letrozoli walijifungua asilimia 27.5, wa klomifeni 19.1. Zote humezwa siku tano, mwanzoni mwa mzunguko. Ukisoma kwamba letrozoli ni dawa ya saratani ya matiti, usishtuke. Inashusha estrojeni kwa muda, na ubongo ukiona hivyo unaongeza homoni ya kukuza yai.

BabaMtarajiwa: Shemeji, mume kapimwa? Mke wangu alimeza klomifeni miezi sita na kuvumilia maneno ya mama yangu, kumbe mbegu zangu ndizo chache. Inaniuma mpaka leo.

Mwanakombo: Mimi mirija yote miwili ya uzazi ilikuwa imeziba, nikaambiwa baada ya eksirei ya kuingiziwa dawa kizazini. Hapo kidonge hakina msaada, yai litapita wapi? Nikapandikiza. Sindano za tumbo siku kumi, ultrasaundi kila mara, kisha sindano ya kukomaza mayai, na saa 36 baadaye wakayavuna. Ovari ziliitikia kupita kiasi, tumbo likajaa maji, nikalazwa. Mara ya kwanza haikushika, ya pili ndiyo huyu ninayemnyonyesha. Mwambie shemeji si njia ya mkato. Na zile dawa za "kuzibua mirija" za mitandaoni tafadhali usiziguse, zilinimalizia mwaka mzima na akiba yangu yote.

Subira33: Asanteni sana. Hajawahi kupimwa. Nimemsomea ujumbe wa BabaMtarajiwa, akanyamaza, kisha akasema Jumatatu twende wote. Nesi, kuna maandalizi?

NesiPwani: Akae bila tendo siku mbili hadi saba kabla ya kutoa mbegu. Na wewe, kwa kuwa siku zako hazitabiriki, pima mimba kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.