Baba ana miaka 74 na leseni yake imekwisha: je, umri unamzuia kuihuisha?

Binti wa Molo (Nakuru)
Hamjambo wenzangu. Baba yangu ametimiza miaka 74, na leseni yake ya udereva imekwisha muda. Angali na kile kitabu chekundu cha zamani, kimejaa vikaratasi vya malipo vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine, na kila wiki hupeleka viazi Nakuru kwa pikapu yake. Ndugu yangu anasema tulipe tu, yaishe. Mimi nimeingiwa na hofu kwa sababu Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukirudi jioni na kukaribia njia panda ya Njoro, lori lilitumulika taa na baba akakanyaga breki, akasimama katikati ya barabara huku akisema, "Ngojeni kidogo, sioni kitu." Je, sheria imeweka ukomo wa umri? Na mzazi aliyenifundisha mimi mwenyewe kuendesha, nitamwambiaje?

Mwalimu Mstaafu (Kisumu)
Binti yangu, mimi nina miaka 71 na bado naendesha, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeweka umri wa kuanzia, ambao kwa gari ni miaka 18, lakini haikumwekea mzee wa gari la binafsi mahali pa kukomea. Baba ataomba kadi ya kisasa, ile iliyoanza kutolewa mwaka 2017, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Atalipa shilingi 3,050, kisha atakwenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mpeleke asubuhi, na apake mafuta mikononi usiku wa kuamkia siku hiyo, maana vidole vya mkulima vimelika. Kituo nilichokwenda mimi, mashine ilikataa kidole gumba changu mara nne, hadi kijana mmoja akanifutia kwa kitambaa chenye unyevu.

Hata hivyo, kadi hiyo hudumu miaka 3, na kwa macho ya mtu wa umri wetu miaka 3 ni mingi. Usiichukue kuwa cheti cha afya.

Muuguzi wa Macho (Kakamega)
Dada, hayo uliyoyaona Njoro yanahitaji kuchunguzwa kabla ya kufikiria malipo. Mtoto wa jicho huifanya lenzi ya jicho iwe na ukungu, na taa ya gari linalokuja hutawanyika ndani ya ukungu huo, ndiyo sababu mgonjwa anaweza kuona vizuri kiasi mchana na kupofuka kwa muda usiku. Habari njema ni kwamba hutibika kwa upasuaji wa muda mfupi, na wazee wengi hurudia kazi zao. Ninachokiogopa zaidi ni presha ya macho, kwa kuwa hula uwezo wa kuona pembeni polepole bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Apimwe yote mawili, pamoja na sukari. Kabla ya majibu kupatikana, asiendeshe baada ya jua kutua.

Mpwa wa Bungoma
Mjomba wangu anaishi Uingereza, na kule leseni hukoma mtu anapofikisha miaka 70, kisha huihuisha kila baada ya miaka 3 bila malipo, akitamka mwenyewe hali ya afya yake. Dereva yeyote anatakiwa aweze kusoma namba ya gari akiwa umbali wa mita 20. Katika jimbo la Illinois, Marekani, umri wa kurudia jaribio la barabarani ulikuwa 79, na sheria ya mwaka 2025 imeusogeza hadi 87 kuanzia Julai 2026. Kipimo cha mita 20 mnaweza kukifanya nyumbani bila kumvunjia mzee heshima.

Binti wa Molo (Nakuru)
Asanteni sana, nanyi wazee shikamooni. Leo asubuhi tulipima mita 20 kwa kamba kutoka lango la ng'ombe hadi kwenye pikapu yenyewe, baada ya kuifunika namba na kuibandikia nyingine ambayo baba haijui kwa kichwa. Alisoma herufi mbili za kwanza, akanyamaza. Kisha akanikabidhi ufunguo, akaniuliza kliniki ya macho hufunguliwa saa ngapi. Tunakwenda Alhamisi, na nitaendesha mimi.