Mama ana saratani iliyosambaa: je, tununue vidonge hivi vya "nano"?

Binti wa Kadutu, Bukavu: Ndugu zangu, nawasalimu. Mama yetu ana saratani ya titi ambayo sasa imefika kwenye ini. Mtu mmoja hapa mjini anatuuzia chupa ya vidonge kwa dola 400, akidai kwamba vina chembe ndogo sana zinazoitafuta saratani popote ilipo bila kugusa sehemu nzima za mwili. Kaka yangu amekwisha kumleta mnunuzi wa kiwanja. Tufanyeje?

Muuguzi Mstaafu: Dada, kiwanja kisiuzwe kwanza. Teknolojia yenyewe ipo: doksorubisini, dawa ya kuua seli za saratani, iliyofungwa ndani ya viputo vya mafuta vyenye upana wa nanomita 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na paklitakseli, dawa nyingine ya aina hiyo, iliyoshikamanishwa na albumini, protini ya damu, iliidhinishwa mwaka 2005 kwa saratani ya titi iliyosambaa. Lakini zote mbili huingizwa mshipani kwa dripu, hospitalini. Hazimezwi.

Binti wa Kadutu: Asante, baba. Na hilo la kuitafuta saratani yenyewe?

Mfamasia wa Ibanda: Hapo ndipo wauzaji wanapotia chumvi. Mishipa ya damu ya uvimbe mara nyingi huvuja, kwa hiyo chembe hupenya na kukwama humo, jambo ambalo Matsumura na Maeda wa Japani walilieleza mwaka 1986. Hata hivyo, mapitio ya tafiti za wanyama yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kiwango cha kati cha dawa iliyofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7 tu, sehemu kubwa hunaswa na ini na wengu. Faida iliyo wazi zaidi ni kupunguza madhara: viputo huupunguzia moyo madhara ya doksorubisini, ingawa viganja na nyayo huweza kuwaka na kuchubuka.

Mimi ningeuliza jambo lingine kabla ya nano yoyote: je, kipande cha uvimbe kilipimwa vipokezi vya homoni na HER2, yaani protini za seli za saratani zinazoonyesha dawa ipi itafaa? Vipokezi vya homoni vikiwepo, kuna vidonge vya kweli, kama tamoksifeni, ambavyo bei yake haimlazimu mtu kuuza kiwanja.

Binti wa Kadutu: Karatasi ya maabara ninayo mkononi. Mstari wa vipokezi umeachwa wazi. Kesho asubuhi nitaipeleka kwa daktari wake, na kaka nimemwomba amwambie mnunuzi asubiri.