Wiki ya taimushea ya kubadilisha: Aruba, Barbados au Punta Cana kwa familia inayotokea Mtwara?

Mama Wawili (Shangani, Mtwara)

Habari za saa hizi wadau, na shikamooni mliotutangulia. Naomba ushauri wa mtu anayezijua taimushea za kubadilishana (mtu ananunua wiki yake ya risoti ya kila mwaka, asipoitumia anaibadilisha na wiki ya kwingine), siyo hoteli za kawaida.

Kaka yangu yuko Uingereza, ni mwanachama wa RCI, kampuni ya kubadilishana wiki hizo. Wiki yake hataitumia, amesema ataiweka kwenye mfumo tuibadilishe twende visiwa vya Karibi: mimi, baba watoto na watoto wawili, miaka 6 na 11. Alipotafuta zikatokea tatu. Aruba, Eagle Beach, chumba kimoja cha kulala, imeandikwa 4/2. Barbados, pwani ya kusini, studio, nayo 4/2. Punta Cana kule Jamhuri ya Dominika, chumba kimoja kikubwa, 6/4, ila chini wameandika kwamba malipo ya chakula na vinywaji vyote ni ya lazima. Picha zote zinapendeza, na hapo ndipo ninapokwama.

Shule zinafunga Juni na Desemba. Hela ya korosho ikifika Desemba inakuwa imeshaingia, lakini Juni naona wiki ziko nyingi zaidi kwenye mfumo. Pasipoti zetu ni za Tanzania, hazina viza hata moja. Mngechagua ipi, na kwa nini?

Tiketi Kusini

Dada, picha ziweke pembeni kwanza. Kwa pasipoti ya Tanzania unaanza na njia ya kufika, kisha kisiwa, risoti inakuja mwisho. Watu huthibitisha wiki, wakalipa, halafu ndiyo wanaulizia viza. Viza ikichelewa, wiki inapita na ada hairudi.

Milango ya kuingilia Karibi ya kuangalia kwanza ni mitatu. Wa kwanza ni Marekani, na huo uusahau kama huna viza: hata ukibadilisha ndege tu Miami kwa saa mbili, lazima upite uhamiaji wao. Wa pili ni London. Mtanzania anahitaji viza ya kupita hata asipotoka nje ya eneo la wasafiri, na ukishukia Heathrow ukapandia Gatwick, uwanja mwingine wa hukohuko London, hiyo haikutoshi, kwa sababu umeingia nchini. Wa tatu ni Amsterdam. KLM inafika Dar, na kutoka Amsterdam inakwenda Aruba, Curaçao na Bonaire. Ukiwa na tiketi moja na ukabaki ndani ya eneo la kimataifa, Mtanzania haombi viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) kwa ajili ya kuunganisha tu.

Kwa hiyo Aruba njia yake ni nyepesi, ila kisiwa chenyewe kinataka viza. Kiko chini ya Ufalme wa Uholanzi na kina viza yake ya Karibi, inayoombwa kupitia uwakilishi wa Uholanzi. Usiichanganye na Schengen, ni viza mbili tofauti. Barbados ni kinyume chake: haitaki viza kwa Mtanzania anayekwenda likizo fupi, ila njia ndiyo ina kazi. Jamhuri ya Dominika inataka viza, lakini humruhusu mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen.

Sasa angalia: kaka yupo Uingereza. Msiombe viza ya kupita, ombeni ile ya kawaida ya kutembelea, ya miezi sita. Mnakaa kwake siku mbili tatu, watoto wanapumzika, halafu mnaruka London kwenda Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, moja kwa moja. Viza hiyohiyo inawafungulia na Punta Cana. Kila mmoja anajaza ombi lake, hata huyo wa miaka 6, na alama za vidole ni Dar. Kawaida majibu huchukua wiki tatu hivi, lakini jipeni miezi miwili kabla ya safari. Na wekeni barua ya mwaliko ya kaka, taarifa za benki za miezi sita, na kitu kinachoonyesha mnarudi: barua ya kazi, leseni ya biashara, hati za shamba. Ombi lenye hela iliyoingia ghafla wiki moja kabla ndilo linalokataliwa mara nyingi. Kama ni malipo ya korosho, ambatanisheni stakabadhi za chama cha msingi zionyeshe imetoka wapi.

Jambo moja la huku kwetu: tiketi ya Mtwara–Dar ikiwa ya peke yake, mizigo mnaichukua wenyewe Jengo la Pili na kuipeleka Jengo la Tatu kuisajili upya. Ndege ya Mtwara ikiahirishwa, shirika la kimataifa haliwasubiri wala haliwalipi. Laleni Dar usiku mmoja. Mkienda kwa basi, vilevile.

Pweza wa Mikindani

Naongeza upande wa bahari, maana tovuti za kubadilishana hazisemi ufukwe unatazama wapi, na hilo ndilo linaloharibu likizo.

Huku kwetu upepo unageuka: kusi miezi ya katikati ya mwaka, kaskazi mwisho wa mwaka. Kule haugeuki. Unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Maana yake kwa kawaida pwani ya mashariki ya kisiwa ina mawimbi na mkondo, na pwani ya magharibi ni shwari. Aruba hoteli nyingi kubwa ziko magharibi, Eagle Beach na Palm Beach, kwa hiyo watoto wanaogelea bila wasiwasi japo upepo unarusha mchanga kweli kweli. Barbados mashariki, kama Bathsheba, ni pa kutazama tu, usiingie majini. Kusini ni katikati: Dover ina mawimbi kidogo, Worthing imekingwa na mwamba, na Silver Sands ni ya watu wa kuteleza kwa tiara. Carlisle Bay, pale karibu na Bridgetown, maji yametulia. Muulize kaka jina kamili la risoti, kisha ifungue kwenye ramani ya satelaiti: ukiona mstari mweupe wa mapovu umekaa mbali na ufukwe, kuna mwamba unaokinga. Angalia pia kama kuna barabara kati ya jengo na bahari. La Cabana ya Aruba, kwa mfano, iko ng'ambo ya barabara; Costa Linda iko mchangani penyewe. Kwenye picha zote mbili utaona bahari tu.

Kisha kuna mwani wa kahawia, ule unaoelea. Tangu 2011 unafika kwa wingi kutoka Atlantiki, hasa kuanzia Machi au Aprili hadi Agosti na kuendelea. Siyo huu tunaolima huku. Unarundikana ufukweni, unaoza, unatoa harufu ya yai viza. Unapiga pwani zinazotazama mashariki na kusini, na Punta Cana inatazama mashariki. Hiyo ni sababu mojawapo ya wiki za Juni kuwa nyingi kwenye mfumo.

Sababu nyingine ni vimbunga. Msimu wao ni Juni 1 hadi Novemba 30, kilele ni katikati ya Agosti hadi Oktoba. Sisi tulioifuatilia Kenneth ikielekea Cabo Delgado Aprili 2019, na Hidaya Mei 2024, tunajua siku mbili za onyo zinavyovuruga kila kitu. Irma ya Septemba 2017 iliharibu majengo mengi Sint Maarten, na Beryl ilipiga visiwa vya Grenada Julai 2024, mapema kabisa katika msimu. Aruba, Curaçao na Bonaire ziko kusini sana, karibu na Venezuela, na vimbunga vingi hupita kaskazini yake. Kwa Juni mimi nisingechagua nyingine zaidi ya hizo.

Kwa Desemba Barbados ni nzuri. Na waambieni watoto mapema: kuna mti ufukweni unaitwa manchineel, una vitunda kama tufaha dogo la kijani. Tunda ni sumu, utomvu unaunguza ngozi, na hata kujikinga mvua chini yake unatoka na malengelenge. Mingi imepakwa alama nyekundu kwenye shina, lakini siyo yote.

Mama Wawili

Asanteni sana, nimepata mwanga mkubwa. Naona Juni naiacha. Lakini baba watoto anaipenda ile ya Punta Cana, anasema chakula kimeshalipiwa, tutakula tushibe. Na hii 4/2 maana yake nini hasa?

Hesabu Kwanza, Lindi

Mwambie shemeji chakula hakijalipiwa, kimelazimishwa. Wiki ya kaka inalipia chumba tu. Ada ile inatozwa kwa kila mtu kwa kila siku, mnailipa mapokezi mkifika au kabla, na msipoilipa ufunguo hampewi. Chukua mfano wa dola 110 kwa mtu mzima na 55 kwa mtoto: ninyi wanne ni 330 kwa siku, mara saba ni dola 2,310. Viwango vinatofautiana, kwa hiyo soma kurasa za risoti yenyewe sehemu ya taarifa muhimu, angalia mtoto anaanza kuhesabiwa mtu mzima akiwa na miaka mingapi (kwingine ni 12, kwingine zaidi), na kama ada ni ya siku au ya wiki. Kwa pesa hiyo Barbados mnapika wenyewe na bado mnakula samaki Oistins, mji wa wavuvi wa pwani ya kusini, jioni kadhaa.

Sasa 4/2. Namba ya kwanza ni watu wote wanaoruhusiwa kulala, ya pili ni wanaolala kwa faragha. Studio 4/2 ni kitanda kimoja kikubwa na sofa ya kukunjua ndani ya chumba kilekile. Watoto wakilala saa mbili usiku, na ninyi mmelala. Chumba kimoja 4/2 kina mlango kati yenu na sofa. 6/4 kina nafasi zaidi, pengine vyoo viwili. Kwa wiki nzima na mtoto wa miaka 11, studio ni finyu. Ombeni chumba kimoja hata kama mtasubiri. Msizidishe idadi, mtoto mchanga naye huhesabiwa, na mapokezi wana haki ya kuwakatalia. Angalia pia neno la jiko. Jiko kamili lina oveni au plati za kutosha na friji kubwa. Jiko dogo mara nyingi ni maikrowevu, friji ndogo na birika, na hapo ugali haupikiki.

Gharama za upande wa kaka: ada ya matunzo ya wiki yake lazima iwe imelipwa, la sivyo mfumo hauipokei. Ada ya kubadilisha huwa kati ya dola 200 na 350. Halafu, kwa kuwa yeye hasafiri nanyi, anunue cheti cha mgeni chenye jina la mmoja wenu kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Bila cheti hicho, mapokezi watamtafuta yeye. Kampuni haziruhusu cheti kuuzwa, kwa hiyo msimlipe "kodi" yoyote kwa maandishi. Mkirudishiana gharama zake hiyo ni ya kifamilia.

Mapokezi wanataka kadi ya benki ya plastiki yenye jina la mgeni, ili washikilie dhamana ya vitu vinavyoweza kuharibika. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu haitoshi. Kwa kadi ya kawaida ya akaunti, hela inayoshikiliwa ni hela yako halisi, na huweza kuchukua hata wiki mbili kurudi, basi msiifanye ndiyo hela ya kula. Pitieni benki kabla ya kuondoka wafungue matumizi ya nje.

Mama Wawili

Basi tumekubaliana nyumbani: Barbados, Desemba, chumba kimoja. Kaka aanze na nini, na sisi tuanze na nini, tusije tukatangulizana?

Tiketi Kusini

Kaka aiweke wiki leo. Ikiwekwa mapema kabla ya tarehe yake inakuwa na nguvu zaidi ya kubadilishia, na kwa RCI inadumu miaka miwili tangu tarehe ya wiki yenyewe, kwa hiyo hata Desemba hii ikishindikana haipotei. Kisha afungue ombi la kusubiri, asikae akitafuta kwa mkono. Aandike Barbados, chumba kimoja, wiki ya 49 na ya 50. Wiki ya 51 na 52 ni za Krismasi na Mwaka Mpya, huwapata wenye wiki zenye nguvu sana. Hizo mbili za mwanzo wa Desemba msimu wa vimbunga umeshaisha na ushindani bado mdogo. Asilifunge ombi kwenye risoti moja. Aweke pwani ya kusini na ya magharibi zote.

Ninyi anzeni maandalizi ya viza ya Uingereza mara ombi la kaka likishafunguliwa, msisubiri wiki ithibitishwe. Tiketi ya kimataifa msinunue mpaka viza ziwe mkononi na wiki imethibitishwa. Ikithibitishwa, kaka ana muda mfupi sana, kwa kawaida mpaka siku inayofuata, wa kufuta bila hasara. Saa hizo ndizo za kufungua ramani kama alivyosema Pweza, na kusoma ada zote. Kuingia chumbani ni kuanzia saa kumi jioni na kutoka saa nne asubuhi, mara nyingi Jumamosi kwa Jumamosi, kwa hiyo London ondokeni Jumamosi yenyewe, siyo Jumapili.

Bebeni kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Viza ya Uingereza ikikataliwa, mwambieni kaka abadili ombi liwe Mauritius au Afrika Kusini. Kote kuna risoti za kubadilishana, na Mtanzania haombi viza kabla.

Pweza wa Mikindani

Birika na pasi viacheni Shangani. Umeme wa Barbados ni volti 115, wetu ni 230. Vitapata moto kidogo sana, na birika litachelewa mno kuchemka. Chaja za simu zilizoandikwa 100–240 hazina shida, mnahitaji tu plagi ya meno mawili bapa ya Kimarekani. Hela yao ni rahisi kuhesabu, dola mbili za Barbados kwa moja ya Marekani, na daladala zao za ZR zinapita barabara yote ya kusini kwa dola 3.50 za huko. Carlisle Bay mtafika kwa hizo, hamhitaji kukodi gari.

Mama Wawili

Nimemtumia kaka yote haya sasa hivi. Ameshaiweka wiki.