Jina halisi au la kubuni kwa wahudumu wa afya?

Swali: Mhudumu wa afya anayeandika mtandaoni, ni lini atumie jina lake halisi na lini alifiche?

Jibu 1: Inategemea anaandika nini. Ukishauri watu kuhusu dawa au chanjo, weka jina, ili msomaji akutafute kwenye rejista ya baraza la taaluma yako. Huko Uingereza, mwongozo wa 2013 wa GMC, baraza linalosimamia madaktari, ulisema ukijitambulisha hadharani kuwa daktari, utaje na jina.

Jibu 2: Sawa, lakini anayesema vifaa vimekwisha wodini anaweza kupoteza kazi. Wengine wanakwepa tu wagonjwa wanaowafuata hadi kwenye akaunti binafsi.

Jibu 3: Wenzangu, jina la kubuni linakuficha wewe, halimfichi mgonjwa! "Mama wa miaka 34, mapacha watatu, jana usiku": jirani ameshamjua. Ondoa tarehe, umri kamili na kituo. Ugonjwa ukiwa adimu, omba idhini au usiandike kabisa. Kanuni za HIPAA, sheria ya Marekani ya kulinda siri za wagonjwa, zinataja aina 18 za taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, tarehe ya kulazwa ikiwemo. Na picha ya eksirei ikague pembeni, maana jina na namba ya faili mara nyingi huchapwa pale pale.