Kopi za kwanza za gemu ya bodi: niprinti Nairobi, niagize China ama nitengeneze hapa Kisumu?

Janam_Dunga (Kisumu)
Wadau habari zenu. Nina gemu ya bodi nimekuwa nikiibuni miaka mitatu, usiku baada ya kazi, na sasa imeiva nataka kopi za kwanza zitoke kabla ya Desemba watu wakija ushago. Inahusu wavuvi wa ziwa, unashindana na wenzako kuvua mbuta na omena huku gugumaji linasukumwa na upepo linaziba gati. Njia ziko tatu kama mnavyoona hapo juu. Mngekuwa nyinyi mngechukua gani? Nataka kitu cha kwaliti.

Mulembe_Kadi (Kakamega)
Mulembe ndugu. Bado hujatuambia kitu. Kopi ngapi? Kadi ngapi? Boksi saizi gani? Uko na pesa ngapi? Hata fundi wa nguo hupima mtu kwanza.

MamaDadu_Nakuru
Na imechezwa na nani mbali na watu wa nyumbani kwako? Kuna wakati ulikaa kando ukanyamaza, watu wakasoma sheria wenyewe wakacheza hadi mwisho? Kama bado, usiprinti.

Janam_Dunga
Poleni, niliandika nikiwa kwa matatu. Kopi 200, zikiisha nitoe zingine. Kadi 110, bodi ya kukunja mara nne, mitumbwi 20 ya mbao, dadu mbili. Wachezaji 2 hadi 5. Niko na 180k, ni loni ya sacco. Nimetesti na majirani na darasa moja la sekondari, lakini mara nyingi nilikuwepo naeleza.

Seremala_Kibuye (Kisumu)
Tengeneza hapa omera. Mitumbwi utakatiwa na mabaki ya saiprasi hapa Kibuye. Hiyo bodi ya kukunja ndio itakula pesa yako bure, iprinti kwa bana ya plastiki kama zile za matangazo, unaikunja kama mkeka, haichaniki, watu wanaitandika hata chini ya mwembe. Mimi gemu ya kushikika naipenda zaidi, mtu akiinua mtumbwi asikie mbao.

Safari_Kontena
China jameni, kwaliti haina mjadala. Ila viwanda vingi vinaanzia kopi 500 ama 1,000, kwa hivyo na 200 zako watakwambia ahsante. Na boksi liwe dogo! Meli inalipisha nafasi. Boksi la sentimita 30 kwa 30 kwa 7, kopi 500 ni zaidi ya mita 3 za ujazo. Likiwa 20 kwa 15 kwa 5, kopi 500 hazifiki hata mita moja. Hapo hujafika kwa forodha, VAT 16% na ada zingine.

MamaDadu_Nakuru
Wacha niwaambie yaliyonipata mimi, na jina la hiyo press sitaji. Niliprinti kopi 300 za gemu ya kadi. Walinipa sampuli safi kabisa, kadi nzito, nikafurahi nikalipa pesa yote siku hiyo. Mzigo ulipofika kadi ni nyepesi, na laminesheni imewekwa upande mmoja tu, kwa hivyo baada ya wiki moja zilikuwa zimejikunja kama magamba. Lakini hiyo si ndio iliniua. Mgongo wa kadi nilikuwa nimeuchora na mpaka mweupe kuzunguka, sasa gilotini, ile mashine ya kukata karatasi, ikihama hata milimita moja mpaka unakuwa mnene upande huu na mwembamba upande ule, na kila kadi ilihama kivyake. Mpwa wangu wa miaka 11 alicheza mara mbili, mara ya tatu akawa anajua kadi gani nimeshika bila kuiona mbele. Gemu ilikuwa imekufa hapo hapo mezani. Kona pia hazikukatwa mviringo, tukakaa wiki tatu mimi, mzee wangu na dada yangu tunakata kona kwa mkono, kadi kwa kadi, na bado kopi 130 sikuweza kumuuzia mtu nikamwangalia usoni. Kwa hivyo Janam, mgongo usiwe na mpaka, rangi ifike hadi ukingoni. Lipa nusu. Weka sahihi kwa sampuli ubaki nayo.

Mulembe_Kadi
Pole sana mama. Janam, kadi za milimita 63 kwa 88 zinaingia 18 kwa karatasi moja ya SRA3, ile ya press inayozidi A3 kidogo. Kadi 110 ni karatasi 7, na ya saba inabeba mbili tu! Toa kadi mbili ziwe 108, karatasi 6. Kwa kopi 200 umeokoa karatasi 200.

Janam_Dunga
Aki hiyo sikuwahi kuipigia hesabu. Kuna kadi mbili za dhoruba zinafanana, zinatoka leo.

Jaduong_Ajua (Siaya)
Mimi nauliza, kwani lazima kuprinti? Ajua tulicheza na mashimo ya udongo na mbegu, haikuhitaji loni ya sacco.

Safari_Kontena
Mzee kwa heshima, ajua ina wenyewe karne nyingi. Huyu anataka kula kwa jasho lake.

Jaduong_Ajua
Na atakula? Nani atanunua?

Mulembe_Kadi
Si rahisi jaduong'. Aliyebuni Catan, ile gemu ya bodi ya Ujerumani iliyotoka 1995, aliendelea na kazi yake ya maabara ya meno miaka kadhaa. Ukimpa pablisha, fungu lako mara nyingi halizidi 10% ya bei ya jumla. Ukiuza mwenyewe kupitia maduka, wengi huzidisha gharama mara tano. Janam, 180k kwa kopi 200 ni 900 kila kopi, mara tano ni 4,500, nani Kisumu atatoa hiyo?

Janam_Dunga
Nilikuwa nafikiria 1,800, niuze mkononi bila duka. Naogopa pia mtu aniibie wazo.

MamaDadu_Nakuru
Wazo halilindwi na hakimiliki. Maandishi ya sheria na michoro ndio unasajili KECOBO, ofisi ya hakimiliki, jina peleka KIPI, wanaosajili alama za biashara. Wachezaji kwanza lakini.

Mwalimu_Luanda
Nimechelewa. Swali la mtu wa pwani ya ziwa: gemu ina msimu wa kufunga uvuvi wa omena?

Janam_Dunga
Haina. Kuna raundi 12, kila raundi mwezi.

Mwalimu_Luanda
Basi si ziwa letu hilo. Omena inafungwa Aprili hadi Julai, kila mtoto wa ufuo anajua maana tumbo linamwambia.

Safari_Kontena
Mtu akae raundi nne bila kuvua? Atainuka aende zake.

Seremala_Kibuye
Mwalimu ana haki. Janam Jumamosi saa nane kuja kwangu, nitakuwa nimekata mitumbwi kumi, nitaita vijana watano wasiokujua na wewe hutasema neno.

Janam_Dunga
Nakuja, ero kamano. Fundi wa Nairobi nimemwambia angoje. Hiyo miezi minne mtu wa karabai, anayevua omena usiku kwa taa, nitampa kazi ya kushona nyavu, ama ahamie mbuta, tuone vijana watachagua nini.

Mwalimu_Luanda
Nyavu za mbuta atatoa wapi na hajauza omena?