Nitamsaidiaje baba aone kituo cha anga kwa darubini kabla hajarudi Taita?

BintiTaita: Hamjambo wadau. Baba yangu ana miaka 74, na yuko kwangu hapa Buruburu tangu mwezi jana, alipokuja kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia sasa linaona vizuri mno, kila jioni anataka kukaa uani. Wiki iliyopita tulikiona Kituo cha Kimataifa cha Anga kikipita kutoka upande wa Ngong kuelekea Thika, king'avu kuliko nyota zote, hakipepesi wala hakina sauti. Nikamwambia mle ndani mna watu, na hapajawahi kuwa patupu tangu Novemba 2000. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na kwa darubini yako hatuwezi kuiona hiyo nyumba yenyewe?"

Darubini ni ya kioo, upana milimita 114, fokasi milimita 900, imekaa kwenye stendi ile yenye uzani wa kusawazisha. Nina lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya milimita 10. Nimejaribu jioni tatu. Kwa ile ya 10 niliona mstari mweupe ukikatiza mara moja, basi. Jioni nyingine sikupata kitu. Halafu kikielekea kaskazini mashariki kinazimika ghafla, na wingu hakuna. Baba hawezi kuinama na kukimbizana na bomba. Anaondoka baada ya wiki mbili. Nifanyeje?

Mtazamanyota: Dada, pole na hongera. Weka kando hiyo lenzi ya 10. Kituo kinakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa, kilomita 400 na kitu juu yetu. Kikiwa utosini kinasogea zaidi ya digrii moja kila sekunde. Lenzi ya 10 inakuonyesha nusu digrii tu ya anga, upana wa mwezi mzima. Kinaingia na kutoka kabla hujapepesa jicho. Tumia ya 25.

Na usidhani kukuza mara 36 (fokasi yako 900 kugawa kwa 25) ni kidogo. Kituo kina upana wa mita 109, kwa hiyo kikiwa juu kabisa, ndani ya lenzi ya 25 kinatoshana na mwezi unavyouona kwa macho matupu. Umbo linaonekana.

Kuzimika ni kivuli cha Dunia. Kituo hakina taa ya kutuonyesha, tunaona jua likipiga kwenye paneli zake za umeme wa jua. Huku kwetu jua linazama moja kwa moja kwenda chini, kwa hiyo ikifika saa mbili na kidogo usiku hata utosini kimeshaingia gizani. Wakati wako ni saa moja hadi saa mbili, au alfajiri kabla ya kucha.

FundiKomarock: Tatizo lingine ni stendi. Mhimili wake unatakiwa uelekee ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, na Nairobi, digrii moja na kidogo kusini ya ikweta, ncha hiyo imelala kwenye upeo wa macho. Stendi nyingi za aina hiyo hazishuki kiasi hicho bila kugongana na miguu yake. Usihangaike nayo. Legeza skrubu zote mbili za kukazia, sawazisha uzani mpaka bomba litulie lenyewe, halafu lisukume kwa mkono.

Kile kidarubini cha kulengea umekilinganisha na bomba? Fanya hivyo mchana, kwa mlingoti wa simu ulio mbali, jua likiwa mgongoni mwako. Bomba lisielekezwe juani hata kwa bahati mbaya, sembuse kukiwa na mzee aliyetoka kutibiwa jicho.

MpigapichaSouthB: Mimi ningefunga simu kwenye lenzi. Punguza mwanga wa kamera kabisa, maana kituo kinang'aa sana na kitatoka kama doa jeupe. Rekodi video huku unafuata, kisha itazame picha moja moja. Katika mia kadhaa utapata tatu nne safi. Mzee ataziangalia amekaa kwenye kiti.

Mtazamanyota: Video ni nzuri, ila mzee hakuomba picha. Ameomba kuona, na ndiyo kwanza amerudishiwa jicho. Tafuta kwenye Heavens-Above, programu inayoonyesha saa na njia ya kituo, jioni ambayo njia ya kituo inapita karibu na nyota unayoijua. Msimu huu zile nyota tatu za Orioni zilizojipanga mstari ziko juu mashariki mapema usiku. Elekeza bomba kwenye nyota hiyo, rekebisha fokasi mpaka iwe nukta kali, kaza skrubu. Mkalishe mzee kwenye kiti cha kimo kinachofaa, ajizoeze kuiona. Wewe simama pembeni ukifuata kituo kwa macho, umwambie "sasa". Kitajiingiza chenyewe, sekunde moja hivi. Ikiwa ramani inaonyesha kitapita mbali na nyota kwa zaidi ya nusu digrii, ngoja siku nyingine.

MwanaNgomeni: Swali la pembeni, mniwie radhi. Kwetu Ngomeni ukisimama ufukweni unayaona majukwaa ya San Marco ya kurushia roketi baharini. Ndiko setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Je, setilaiti yetu ya Kenya, Taifa-1 ya 2023, inaweza kuonekana kwa darubini?

Mtazamanyota: Hapana, kaka. Ni ndogo kama mkate, haiakisi mwanga wa kutosha. Jaribu kituo cha Wachina, Tiangong. Kinaonekana hata kwa macho matupu.

BintiTaita: Narudi na habari. Jioni ya kwanza mawingu. Ya pili, jirani alikubali kuzima taa ya ukutani, ingawa mulika mwizi ya mtaa ilibaki. Kituo kilitarajiwa saa moja na dakika arobaini na tano. Baba alikaa jicho likiwa kwenye lenzi dakika kumi nzima, hataki hata chai, akiniambia kila mara nyota ikikaribia ukingoni, nami naisogeza kidogo. Niliposema "sasa" alishtuka, mkono ukanishika kanzu. Akabaki pale pale hata baada ya kupita. Kisha akasema, "Kina mabawa. Mawili, rangi ya dhahabu, na mwili mweupe katikati." Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu paneli.

Jana tukarudia, nikarekodi kwa simu. Picha mbili zimetoka safi na mabawa ni yale yale aliyosema. Ameniomba nimwandikie kwenye karatasi saa za kituo kupita, aende nazo nyumbani.

FundiKomarock: Usimwandikie za Nairobi. Weka Wundanyi, kule Taita, kwenye programu upya. Kule ni karibu kilomita 300 kutoka hapa, kwa hiyo kituo kinachopita utosini Buruburu kikienda Thika, yeye atakiona upande wa kaskazini magharibi, juu kidogo ya nusu ya anga. Na mwandikie kwa herufi kubwa.